Kitabu cha Uzio na Mikorosho ya Dada

Kitabu kilichomponza dada yangu kilikuwa kinahusu uzio. Siyo namna ya kujenga uzio, hapana. Historia ya uzio, tangu siku binadamu wa kwanza alipochoshwa na mbuzi wa jirani mpaka leo hii, kurasa mia tatu na ushee, picha chache, herufi ndogo za kuua macho. Nilikinunua eneo la Kwa Mathias, nikakimaliza kwa siku nne bila kunyoa ndevu, na sasa dada yangu wa Kisarawe hana tena mikorosho ya upande wa bondeni. Mke wangu anasema kitabu hakina kosa, kosa ni la mdomo wangu. Nasimulia mambo kama yalivyokuwa, na yeye amekaa hapa hapa sebuleni akinisahihisha.

Mimi ni karani mstaafu. Maisha yangu ya kazi yaliishia masjala ya ofisi moja hapa Kibaha, nikitafuta mafaili yaliyopotea ambayo mara nyingi yalikuwa yamekaliwa na mtu. Naishi Mkuza na mke wangu, muuguzi mstaafu, mwanamke asiyetaka upuuzi. Watoto wanajitegemea. Nyumba ina nafasi, na nafasi hiyo nimeijaza vitabu vya aina moja tu: historia za vitu ambavyo hakuna mtu mwenye shughuli zake angeviulizia historia. Ninacho cha kijiko. Ninacho cha kifungo cha shati. Cha mwavuli, cha mto wa kulalia, cha msumari, cha penseli. Vya choo ninavyo viwili, na vinapingana.

Utamu wake, jamani, sijui niuelezeje. Unashika kifungo cha shati lako, kitu ulichokifunga na kukifungua tangu utoto bila kukitupia jicho, halafu mtu mmoja aliyejifungia maktaba miaka na miaka anakwambia watu wazima walivyogombana kwa sababu yake, nani alikataa kukivaa, nani alikionea aibu. Lo! Unainuka pale kwenye kiti unajiona umeambiwa siri ya mtaa mzima. Chai inapoa, simu inaita, huna habari.

Kero pia zipo, sitasema uongo. Kila mwandishi wa vitabu hivi anadai kwamba kitu chake ndicho kilichobadilisha dunia. Kijiko kilibadilisha dunia. Msumari ulibadilisha dunia. Ukijumlisha vyote unakuta dunia imebadilishwa na droo ya jikoni. Na sisi wa huku hatumo. Natafuta Pwani yetu kwenye kila kitabu, na nikiipata ni ukurasa mmoja, tunapita tukiwa tumebeba mzigo wa mtu. Ukurasa unaofuata tumeshautua, hatuonekani tena. Naudhika, nakifunga kitabu kwa hasira, na baada ya dakika tano nimekifungua.

Muuzaji wangu hauzi vitabu. Anauza mikoba ya mitumba pale Kwa Mathias, karibu na barabara kubwa, na vitabu humjia kwa bahati mbaya, vimo ndani ya mizigo. Zamani alivitumia kukandamizia turubai lisipeperuke. Mimi ndiye niliyemfumbua macho kwamba vina thamani, na shukrani yake ilikuwa kupandisha bei. Bei yake inafuata unene. "Mzee wangu, hiki kimeshiba," ataniambia, anakipima mkononi kama anayeuza samaki. Nikimwambia robo nzima ya mwisho ni faharasa na orodha ya marejeo, anajibu, "Kwani hizo siyo kurasa?" Amevigawa mafungu manne: dini, shule, mafanikio, na la nne analiita "vya mzee". Mzee ni mimi. Sijawahi kuona mtu mwingine akiinamia fungu langu, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa anatafuta karatasi za kufungia karanga.

Linalotembea ni fungu la mafanikio. Jirani yangu mmoja, mwanamume wa makamo mwenye akili zake timamu, amesoma vitabu sita vinavyoeleza faida za kuamka alfajiri, na vyote sita amevisomea kitandani saa nne asubuhi. Huyo anaheshimiwa. Watu wanasema anajiendeleza. Mimi nikikaa kibarazani na historia ya msumari naulizwa kama nimeanza useremala. Siku moja mke wa jirani huyo alimsogelea mke wangu na kumuuliza kwa sauti ya chini, sauti ya kuulizia ugonjwa, "Shemeji ilimwanza lini?"

Kilichoniharibia jina moja kwa moja ni msiba mmoja wa mtaani. Tulikuwa wanaume tumekaa nje chini ya turubai, kila mtu na kiti au kigoda chake cha plastiki, na wiki hiyo mimi nilikuwa nimesoma habari za viti. Nilianza pole pole, kwa jirani wa kulia tu. Jeneza lilipotolewa nilikuwa nimefika kwenye lile tundu lililopo katikati ya kigoda cha plastiki, kwa nini lipo na lina kazi gani. Wanaume wawili walikuwa wamevigeuza vigoda vyao wavichunguze vizuri. Walisimama vichwa vimeinama, macho chini, vigoda mikononi, na wafiwa walidhani ni huzuni.

Baada ya hapo mke wangu alitunga sheria. Nikianza kusema "asili ya kitu hiki" mbele za watu, anakohoa. Kikohozi kimoja, nifupishe. Viwili, ninyamaze. Vitatu, tunaaga tunaondoka. Miaka yote aliyokaa wodini, ananiambia, hajawahi kukohoa kama anavyokohoa tangu nistaafu.

Basi na mimi nikasema, kama vitabu vyao havitutaji, nitaandika changu. Nikachagua mbuzi ya kukunia nazi, kitu cha kwetu. Nikanunua daftari, nikaanza kuzunguka. Nilifika mpaka Kwala, na huko nikagundua kwamba tangu viwanda na bandari kavu vianze, mtu mgeni mwenye daftari anayeuliza habari za zamani anajulikana ni nani: ni mtu wa kununua ardhi. Nilimuuliza bibi mmoja, kwa adabu zote, mbuzi yake ya nazi ameirithi kwa nani. Akanijibu kwa ukali kwamba eneo lote hadi kule kwenye nguzo za umeme ni la ukoo wake na mashahidi wapo. Nikamwambia, bibi, mimi naulizia mbuzi. Akasema hata hiyo haiuzwi, na mjukuu wake akanisindikiza barabarani kama mwizi.

Homa ya ardhi ndiyo iliyomfikia dada yangu, na hapa sasa kicheko kinapungua.

Dada yangu ananizidi miaka tisa. Anaishi Kisarawe, kwenye shamba la mama yetu. Aliishia darasa la nne ili baadaye mimi nisome. Haikusemwa hivyo wakati ule, ilisemwa kwamba mama anahitaji mkono shambani, lakini madaftari yangu na sare zangu, mpaka sanduku la bati nililokwenda nalo bweni, vyote vilitoka kwenye korosho alizookota yeye, na mafuta ya maganda yalimbabua vidole akanionyesha kwa kujisifu. Alimuuguza mama mpaka mwisho. Shamba likabaki kwake na hakuna ndugu aliyefungua mdomo. Mumewe ametangulia mbele ya haki, mtoto hakujaaliwa. Ana shamba, ana kuku, na ana mimi.

Jirani yake ni mzee aliyeishi Dar miaka mingi na kurudi kwao uzeeni. Miaka minne tangu arudi alikuwa hajui hata shamba lake linaishia wapi, wala hakujali. Kisha akapita dalali mmoja mwenye viatu vilivyochongoka, akamweleza bei za siku hizi, na wiki ile ile mzee wa watu akakumbuka kwamba babu yake alikuwa akilima mpaka upande wetu wa bondeni, mikorosho yote ikiwa ndani. Kumbukumbu za namna hii zinawajia wazee wengi Pwani yetu sasa. Ajabu ni kwamba haziji kabla dalali hajapita.

Mpaka wetu ni mstari wa minyaa. Mambo ya hati na mawe ya wapimaji kwetu yalikuja juzi. Zamani ulichomeka minyaa, ile miti ya kijani yenye vijiti vitupu na utomvu mweupe unaowasha vibaya, basi, hapo ndipo kwako. Bibi yetu aliichomeka, mama akaikuta, sisi tukaikuta. Na ushahidi wake ulikuwa rahisi: mtu mzima asimame mbele ya watu aseme, mimi minyaa hii niliikuta hapa. Akishasema, maneno yamekwisha.

Mtu mzima huyo alikuwa mimi, na ushahidi nilikuwa nao ndani ya jicho. Nikiwa mdogo wa kuanza shule nilivunja kijiti cha minyaa ile ile ya bondeni, utomvu ukaniingia jicho la kushoto, nikapiga kelele za kuita kijiji kizima. Wazee waliobaki wanaikumbuka siku hiyo. Dada alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Kwa hiyo aliponipigia simu hakuwa na maelezo marefu. "Mdogo wangu, jirani amenishtaki, baraza la kata wametuita Jumanne. Njoo useme ile ya jicho. Sema ile ya jicho, halafu ukae chini."

"Wasiwasi wako tu, dada," nilimwambia. "Hilo dogo."

Siku mbili baadaye nikapita Kwa Mathias. "Mzee wangu," muuzaji akaniita toka mbali, "leo kuna mzigo wako hapa, wa ajabu kuliko yote." Nikakipokea kitabu, nikasoma jalada. Uzio! Wallahi nilisimama katikati ya watu nikacheka peke yangu. Mwanamume anaitwa kutoa ushahidi wa mpaka, na Mungu anamshushia historia nzima ya mipaka ndani ya mzigo wa mikoba. Nililipa bila kubishana. Muuzaji akashtuka, akajuta hakutaja zaidi.

Siku nne nilisoma. Nilijaza kurasa za daftari. Mke wangu aliponiuliza dada anataka niseme nini, nikamwambia habari ya jicho. "Sasa hayo yote ya nini?" akauliza, akilinyooshea daftari kidole. Nikamwambia jicho peke yake ni ushahidi wa kienyeji, na mimi nataka kuujengea msingi. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa waliojitibu kwa kusikiliza redio.

Tulikwenda pamoja. Kibaha na Kisarawe ukitazama ramani ni majirani wa kuombana chumvi. Ukisafiri kwa magari tuliyonayo unateremka kwanza hadi jijini, unabadili, ndipo unapanda tena. Njia nzima nilikuwa napitia daftari langu. Mke wangu alinunua pipi za kikohozi. Nilidhani mafua yanamnyemelea.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa ofisi ya kata, mabenchi mawili kila upande. Kazi yao siku hizi ni kusuluhisha, si kuhukumu. Wakishindwa, shauri linakwenda wilayani, na huko kuna mawakili na tarehe za kuahirishwa na nenda rudi zisizokwisha. Dada alikwisha kuniambia mapema: wilayani haendi, magoti yake hayana nguvu hiyo. Litakalosemwa pale ndilo litakuwa. Nilijua. Nasema nililijua hilo nikiwa naingia mlangoni.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa zamani, mtulivu, miwani kwenye ncha ya pua. Dada alieleza mambo yake kwa sentensi chache. Jirani naye akaeleza babu yake. Kisha nikaitwa mimi, shahidi. Nikasimama, nikamsalimia mwenyekiti, nikawasalimia wazee, nikafungua daftari.

"Kabla sijasema nilichokiona," nikaanza, "ni vizuri baraza lako tukufu likafahamu asili ya uzio."

Mke wangu akakohoa.

Naomba mnielewe. Katika umri wangu wote sijawahi kusikilizwa. Nyumbani nakatizwa, mtaani nakimbiwa, msibani nilionekana kichaa. Na pale, ebo, watu walitulia! Mwenyekiti alivua miwani akaipangusa, akaivaa upya ili anione vizuri. Katibu, ambaye mpaka dakika ile alikuwa anachora maua pembeni ya karatasi, akaanza kuandika. Nikawaeleza walioweka mawe na waliochimba mitaro. Nikawaeleza waliopanda miti ya miiba na waliosuka fito. Nikawaeleza seng'enge, jinsi waya mwembamba ulivyowagombanisha wafugaji na wakulima ng'ambo huko. Mzee mmoja wa baraza akauliza, "Na michongoma?" Nikamjibu michongoma. Mwingine akauliza habari ya uzio wa makuti, je, nao umo kitabuni? Nikasema kwa masikitiko haumo, hawa watu hawatujui, lakini mimi mwenyewe ninayo niliyoyakusanya. Wakasema, hebu tuambie. Nikawaambia.

Kikohozi cha pili nilikisikia. Nilifikiri ni vumbi.

Kichwa kilikuwa kimenivimba, sikatai. Nilijiona nimesimama mahali nilipostahili kusimama miaka yote ile niliyokuwa nafuta vumbi mafaili. Niliwatazama watu wote usoni, mmoja mmoja. Dada tu ndiye sikumtazama, kwa sababu alikuwa amekaa nyuma yangu.

Nikafika kwenye minyaa. Hii, nikawaambia, ni hodari kuliko uzio wote duniani. Haihitaji mbegu wala kumwagiliwa. Unakata kijiti, unakichomeka, unakwenda zako. Msimu mmoja, misimu miwili, mitatu, una ukuta.

Hapo yule jirani akanyoosha mkono. Muda wote alikuwa amekaa kimya, kofia magotini, ananisikiliza kwa heshima zote. "Mzee mwenzangu," akasema, "tumefaidika sana, Mungu akubariki. Mimi nina swali dogo tu la mtu asiyesoma. Mtu akichomeka minyaa leo, baada ya miaka michache, mgeni akija akaitazama, anaweza kuitofautisha na minyaa iliyochomekwa na bibi yake?"

"Swali zuri sana!" nikasema.

Naam, nilisema swali zuri. Nikalijibu kwa furaha, na mkono nikaunyoosha kuelekea bondeni. Nikasema haitofautiki hata kidogo. Mti wenyewe unajichipukia, unajiziba mapengo, shina moja likifa jingine limeshika nafasi. Nikasema hata mimi ukinipeleka pale na macho yangu haya siwezi kukwambia ipi ya jana na ipi ya mababu. Nikaongeza, kwa sababu mtu akishaanza kujimaliza hufanya kazi kamili, kwamba popote duniani uzio haujawahi kuthibitisha mpaka uko wapi. Unathibitisha tu kwamba kuna mtu aliwahi kupachika kitu mahali.

Kikohozi cha tatu kilikuwa cha mtu anayelia.

"Asante sana," jirani akasema, akavaa kofia yake.

Wazee wa baraza walipiga makofi. Makofi, jamani. Mwenyekiti alinishukuru kwa elimu, akaniuliza kama ninalo la kuongeza, nami nikasema ninalo, bado kuta za matope, ila kwa kujali muda nitaishia hapo. Nikakaa. Nilikuwa nimeketi kama dakika mbili hivi, natabasamu, ndipo nilipokumbuka jicho.

Nikanyoosha mkono. Nikasimama, nikasema nilisahau, mimi nikiwa mdogo minyaa hii ilinitoboa jicho, yaani utomvu, na dada alinibeba. Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole. Kisha akauliza, kwa upole ule ule, kama minyaa iliyonidhuru ilikuwa kwenye mstari huu wa sasa au mahali pengine ndani ya shamba, maana mwenyewe nimewaeleza jinsi inavyojichipukia. Nikafungua daftari. Nikalifunga, nikakaa chini.

Usuluhishi haukuchukua muda baada ya hapo. Kwa kuwa minyaa haithibitishi kitu, na shahidi wa mlalamikiwa mwenyewe ameeleza hivyo kitaalamu, pande zote zitumie alama ambayo wote wanaikubali. Alama hiyo ikawa njia ya zamani ya kisimani. Njia inapita juu, karibu na nyumba ya dada, minyaa iko chini, na mikorosho yote iko katikati, ikawa ya jirani. Dada aliulizwa kama anaridhia au anataka kwenda wilayani. Akasema anaridhia. Wakamletea karatasi, akatia dole gumba. Nilishangaa, kwa sababu kuandika jina lake anajua, ndiye aliyenifundisha kuandika la kwangu. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba dada aliona aibu kuandika jina lake chini ya maneno yale mbele za watu.

Nje ya ukumbi jirani alinifuata, akanipa mkono wa kwaheri kwa mikono yake yote miwili. Akaniuliza kitabu kinapatikana wapi, na kama naweza kumwazima. Mke wangu alinishika kiwiko akanipeleka kwenye gari kabla sijajibu. Dada alikuwa ameshatangulia, ameshika upande wa kwake, kwa miguu. Hakugeuka. Kutoka Kisarawe mpaka Mkuza mke wangu hakukohoa hata mara moja.

Sikulala vizuri wiki hiyo wala iliyofuata. Vitabu nilivitia kwenye magunia, nikavitoa, nikavitia tena. Nilijichukia. Nilimpigia dada simu, ikawa inaita tu. Mwishowe nikafanya uamuzi, nikamweleza mke wangu, naye kwa mara ya kwanza tangu baraza akanitazama kama mume wake. Kiwanja chetu cha Mkuza ni kikubwa. Tungekigawa, nusu iwe ya dada, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Nikapanda gari asubuhi, peke yangu, mikono mitupu.

Nilipofika niliona seng'enge mpya inang'aa kwenye njia ya kisimani, nyuzi nne, nguzo za mkaratusi. Kitabu kile kilikuwa na sura nzima ya seng'enge. Nikapita.

Dada alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka, anamenya mihogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Mke wako mzima?"

"Mzima, anakusalimu."

"Umekuja na kitabu?"

"Sikuja nacho."

"Ungekuja nacho. Watu wa baraza bado wanakuulizia."

Nikakaa ukingoni mwa mkeka. Nikamwambia nilichokuja nacho, nusu ya kiwanja, maandishi, mashahidi, yote. Alisikiliza huku kisu kinaendelea na kazi. Nilipomaliza akacheka, akacheka kweli, mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Mkuza nikafanye nini? Nikafuge magari?"

"Dada, nilikukosea. Nisamehe. Laiti ningeanza na ile ya jicho, nikakaa, kama ulivyoniambia."

"Ya jicho iache," akasema. Sasa kisu kilikuwa kimesimama. "Wewe msahaulifu tangu mdogo, hilo nalijua, ndiyo maana nilikwambia kwenye simu mara mbili. Ya jicho sikukasirikia." Akachukua muhogo mwingine, akautazama, akauweka. "Nilikuwa nimekaa nyuma yako pale. Nakusikiliza. Nikasema moyoni, mwone, huyu ndiye niliyemsomesha, watu wazima wote wametulia kimya wanamsikiliza. Nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi. Nikawa nangoja. Nasema, anazunguka tu huyu, sasa hivi atafika kwangu. Ukataja ng'ambo, ukataja wafugaji, ukataja watu waliokufa zamani ambao hata makaburi yao hayajulikani. Nusu saa, mdogo wangu. Hukusema hata mara moja, shamba hili ni la dada yangu."

Kuku walipita katikati yetu, wakadonoa maganda.

"Shamba hili ni la dada yangu," nilisema.

"Sasa unaniambia mimi," akasema, akakiinua kisu chake. "Mimi nilikuwa najua."